Muulize Mwalimu wa Afya: Damu imerudi, mbona moyo umechoka?

Barua za mwezi huu nimezisomea barazani kwangu Ujiji, mvua ikinyesha na maembe yakidondoka yenyewe. Nne kati yake zinauliza jambo moja, ingawa waandishi hawajuani: mitokondria, vile vinu vidogo sana vilivyomo ndani ya seli za mwili, vinavyozitengenezea nguvu. Nilifundisha fiziolojia chuo cha uuguzi kwa miaka 22, na somo hili ndilo lililokuwa likiwasinzisha wanafunzi saa nane mchana. Sasa ananiuliza mtoto aliyeketi kando ya kitanda cha baba yake. Nitajibu polepole.

*Shikamoo mwalimu. Baba yangu ana miaka 61, mkazi wa Ujiji. Mwezi wa nne alikwenda Dar es Salaam kumtembelea kaka yangu. Alfajiri, akitoka kuswali, akabanwa na kifua. Ndani ya saa mbili alikuwa hospitali na mshipa wa moyo ukazibuliwa. Tulimshukuru Mungu. Lakini kipimo cha siku ya tatu kilionyesha moyo unasukuma kwa unyonge. Daktari mmoja kijana akasema, "Damu inaporudi nayo huumiza, mitokondria zinapata shida." Tangu hapo shangazi zangu wanasema matibabu ndiyo yaliyomuumiza, bora wangemwacha apone mwenyewe, na baba ameanza kuruka vidonge. Ni kweli hayo? – Binti wa Ujiji*

Marahaba mwanangu. Kwanza vidonge. Mpelekee baba vidonge vyake sasa hivi, ukurasa huu utaukuta. Mshipa uliozibuliwa unaweza kuziba tena, na dawa za kuzuia damu kuganda ndizo zinazouweka wazi. Kama kuna kidonge kinachomsumbua, amwambie daktari abadilishiwe. Asiamue mwenyewe, wala wasimwamulie shangazi.

Daktari kijana alisema kweli. Shangazi zako wameishika nusu ya kweli hiyo, na hiyo nusu ndiyo inayonitia wasiwasi.

Nilipokuwa nafundisha, kila mwaka nilimtuma mwanafunzi sokoni Mwanga alete vitu viwili: moyo wa ng'ombe na kidari cha kuku wa kisasa. Tuliviweka mezani bega kwa bega, tukavipasua. Kidari kilikuwa cheupe kama karatasi iliyoloa. Moyo ulikuwa mwekundu unaoelekea kahawia, mgumu chini ya kisu, na hata uusuuze mara tatu rangi haiondoki. Sehemu ya rangi hiyo ni protini zenye chuma zilizomo ndani ya mitokondria, kwa kuwa karibu theluthi moja ya ujazo wa kila seli ya moyo ni mitokondria. Kuku wa kisasa hapigi mabawa. Moyo unapiga takriban mara 100,000 kila siku, na akiba ya nguvu iliyomo ndani yake haitoshi zaidi ya sekunde chache. Lazima utengeneze na kutumia, utengeneze na kutumia, usiku na mchana.

Unatengenezaje? Ndani ya mitokondria kuna utando uliokunjwa mikunjo mingi. Chakula, ambacho kwa moyo ni mafuta zaidi kuliko sukari, huvunjwa, na elektroni zake, yaani chembe ndogo mno zenye umeme, hupokezanwa na protini moja hadi nyingine, kama ndoo za maji zinavyopokezanwa nyumba ikiwaka moto, mpaka ziifikie oksijeni mwisho wa mstari. Katika kupokezana huko, chembe za haidrojeni husukumwa upande mmoja wa utando, zikajaa huko kama maji ya bwawa. Zikitaka kurudi, hupitia katika mashine ndogo sana inayozunguka. Nasema inazunguka kwa maana yake halisi: mwaka 1997 watafiti wa Japani waliifunga uzi wa protini unaong'aa, wakaiona kwa darubini ikizungusha uzi ule. Kila mzunguko hutoa chembe tatu za ATP, na ATP ndiyo fedha taslimu ya seli. Mwingereza Peter Mitchell alipoeleza habari ya bwawa hili mwaka 1961 wengi hawakumwamini. Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa mshipa umeziba. Oksijeni haifiki, elektroni hazina pa kwenda, mstari wote unasimama. Jambo lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza ni kwamba ile mashine haitulii. Inaanza kuzunguka kinyumenyume, ikiila ATP iliyobaki ili bwawa lisikauke. Yaani mtengenezaji anageuka mlaji, katikati ya njaa. Asidi inajaa ndani ya seli. Kalsiamu inaingia bila wa kuitoa. Na kitu kiitwacho susinati, ambacho siku zote hutumiwa kadiri kinavyotengenezwa, kinarundikana.

Kisha madaktari wanauzibua mshipa, na damu inarudi. Susinati yote ile inachomwa kwa dakika chache, elektroni zinakuwa nyingi kupita kiasi, nyingine zinasukumwa zirudi zilikotoka, zinairukia oksijeni na kuigeuza kitu kikali kinachounguza utando. Hili la susinati lilionyeshwa mwaka 2014 na watafiti walioongozwa kutoka Cambridge, Uingereza. Papo hapo damu inaiosha ile asidi. Kumbe asidi ndiyo iliyokuwa imekishikilia kilango fulani cha mitokondria kisifunguke! Ikiondoka, huku kalsiamu imejaa, kilango kinafunguka, bwawa linamwagika, mitokondria inavimba na kupasuka. Seli iliyovumilia saa mbili za njaa inakufa katika dakika za kwanza za shibe.

Jirani yangu anauza migebuka ya kugandisha. Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi saa tatu usiku kwa nguvu isiyo ya kawaida: taa ziliwaka nyeupe, zikapepesa mara mbili, halafu tukasikia harufu ya waya ulioungua. Kesho yake fundi alifungua nyuma ya friji, akatuwekea kiganjani kipande kimoja cheusi kisichozidi kidole gumba. Ndicho kilichoungua umeme uliporudi. Jirani alilipa, friji ikawaka, sehemu kubwa ya samaki ikaokoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema afadhali umeme usingerudi.

Waambie shangazi hivyo. Kama mshipa usingezibuliwa, hali ingekuwaje? Seli za moyo zinaanza kufa baada ya dakika kama 20 za kukosa damu, kuanzia ukuta wa ndani kwenda nje, kama moto wa nyasi unavyotembea, na baada ya saa kadhaa unene wote wa ukuta umekwisha. Baba yako alifikishwa moto ukiwa haujafika upande wa pili. Ni kweli kwamba katika majaribio ya wanyama, kovu linalobaki baada ya mshipa kuzibuliwa limeonekana kuwa na sehemu kubwa, hata nusu, iliyoletwa na damu kurudi. Lakini kovu lenyewe ni dogo kuliko ambalo lingebaki kama damu isingerudi kabisa.

Kuna jingine ambalo pengine daktari hakupata muda wa kulieleza. Kipimo cha siku ya tatu hakisomi seli zilizokufa peke yake. Kinasoma pia seli zilizo hai ila zimepigwa butwaa. Mwaka 1982 Eugene Braunwald na Robert Kloner wa Marekani waliipa hali hii jina, nami kwa Kiswahili nilizoea kuiita moyo ulioduwaa: damu imerudi, seli hazijafa, lakini nyuzi za misuli hazijakunjuka na kukunjana kama zamani. Huchukua siku, wakati mwingine wiki kadhaa, kisha moyo unaamka. Kwa hiyo ule unyonge mliouona huenda sehemu yake imeshaondoka. Muulizeni daktari lini kipimo kirudiwe, na mpaka siku hiyo msimwambie mzee kwamba moyo wake umeharibika. Bado hamjui hivyo.

*Salaam mwalimu. Mimi ni mke wa mvuvi, Kibirizi. Shemeji yangu, miaka 24, alianguka majini usiku wakivua dagaa. Walipompata hapumui. Walimning'iniza kichwa chini maji yatoke, ikashindikana, ndipo mmoja aliyefundishwa huduma ya kwanza akampulizia pumzi na kumkandamiza kifua, moyo ukarudi. Hospitali walimruhusu baada ya wiki. Anakula, anatembea, anatutambua wote. Lakini hashiki jambo jipya. Ananiuliza mama yuko wapi, namjibu yuko shamba, baada ya dakika tano ananiuliza tena. Watu wanasema ziwa limebaki na nusu yake. Kwa nini moyo umerudi mzima na kichwa hakikurudi?*

Pole sana, wewe na mama mkwe wako. Ziwa halikubaki na kitu chake. Kilichotokea kinajulikana, na hata mahali kilipotokea panajulikana.

Ubongo ni kama sehemu 2 kwa 100 za uzito wa mwili, lakini unachukua karibu 20 kwa 100 ya oksijeni yote tunayovuta. Karibu hauna akiba ya chakula. Damu ikisimama, mtu anazimia ndani ya sekunde kama 10, na baada ya dakika nne au tano seli zinaanza kudhurika. Nimesema hapo juu kwamba moyo unavumilia dakika kama 20. Ndiyo maana moyo wa shemeji yako uliitika ulipokandamizwa: saa yake ilikuwa bado, wakati saa ya ubongo ilikuwa imeshapita.

Na si ubongo wote kwa kiwango kimoja. Pembeni kwa ndani, usawa wa masikio, kuna sehemu iitwayo hipokampasi. Ndiyo inayoandika mambo mapya. Ya zamani yamehifadhiwa kwingine, ndiyo maana anawatambua wote na njia ya nyumbani anaijua. Seli za hipokampasi ni miongoni mwa zinazoumia mwanzo kabisa zikikosa oksijeni. Nguvu ikiisha, seli za ubongo zinamwaga kemikali ya kuamshana kwa wingi usio na kipimo, kila seli inampigia jirani yake kelele, na kalsiamu inamiminika ndani. Mitokondria zinajitolea kuinywa kalsiamu hiyo ili kuiokoa seli. Zinakunywa mpaka zinashindwa.

Jambo chungu zaidi ni kwamba kifo hiki kinaweza kuchelewa. Mwaka 1982 mtafiti wa Japani, Kirino, alionyesha kwa panya wa jangwani kwamba baada ya dakika chache za kukatiwa damu ya ubongo, seli hizo za hipokampasi siku ya kwanza zinaonekana nzima, na siku ya nne zimekufa. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Xiaodong Wang waligundua amri mojawapo ya kifo cha namna hii inakotoka. Ndani ya mitokondria kuna protini ndogo iitwayo saitokromu c, mmoja wa wale wapokezanaji wa ndoo. Ikibaki ndani, inatufanya tuishi. Ikivuja kwenda nje ya mitokondria, seli inasoma kuvuja huko kama amri ya kujiua. Huyo huyo mfanyakazi, amevuka mlango tu.

Atapona? Katika miezi ya kwanza kuna kinachorudi, kwa wengine kidogo, kwa wengine zaidi. Msaidieni hivi: daftari moja lenye kamba shingoni mwake, na kila jibu mnalompa aliandike mwenyewe. Mama yuko shamba, atarudi saa kumi. Akiuliza tena mwonyesheni daftari kwa upole, msimkaripie. Vitu vyake viwe mahali palepale kila siku. Na asirudi majini usiku, hata akiomba kwa machozi.

Ombi langu kwa wote wa Kibirizi, Katonga na mialo mingine: mtu aliyezama msimning'inize. Maji machache yanayotoka ni ya tumboni, na dakika mnazozipoteza ni za ubongo. Mlazeni chali mahali pagumu, mpulizieni pumzi mdomoni, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, kishuke kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana, na msiache kumpulizia. Yule aliyefundishwa, mwambieni awafundishe wengine ufukweni, mchana, nyavu zikiwa zinaanikwa. Nikiitwa nitakuja kusaidia.

*Mwalimu, usiku wa mvua kubwa tuliingiza jiko la mkaa chumbani sababu ya mtoto mchanga. Alfajiri sote tulikuwa na kichwa kinachopasuka, mama mkwe akaanguka mlangoni. Tulipotoka nje tukapata nafuu. Wifi anasema ni ugali wa muhogo mchungu tuliokula. Ni mkaa au ni muhogo? – Mama wa Gungu*

Ni mkaa. Mtoto wako mchanga hali ugali, na mmepata nafuu kwa kutoka nje. Mpeleke mtoto na mama mkwe wakaangaliwe, hata kama wanasema wamepona, maana madhara ya hewa hii kwenye ubongo yanaweza kujitokeza baada ya siku au wiki, na kwa mtu mzima moyo nao huguswa.

Wifi hakukosea kabisa, nami nampongeza kwa kufikiri. Hewa ya mkaa, monoksidi ya kaboni, huing'ang'ania damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Ile inayopenya hadi ndani ya seli huikamata protini ya mwisho katika mitokondria, ile inayoikabidhi oksijeni elektroni. Sianidi ya muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huikamata protini hiyohiyo. Mlango mmoja, wezi wawili. Moyo na ubongo huumia kwanza kwa sababu ndivyo vyenye kazi nyingi kuliko vyote.

Muhogo bibi zetu walishautafutia dawa: kuuloweka siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kuumenya, kuuanika ukauke kabisa. Anayeharakisha kwa sababu ya bei ya unga anajitafutia balaa. Jiko la mkaa halina dawa ya namna hiyo. Liwake nje, na lisiingie ndani ya chumba cha kulala hata likibaki majivu mekundu. Mtoto mchanga mkumbatie kifuani, ngozi kwa ngozi, mjifunike kanga na blanketi, kichwa chake kiwe nje.

*Nina miaka 58, naishi Mwanga, presha ninayo. Sokoni kuna unga wa "kuamsha mitokondria", kopo shilingi 45,000, wanasema unazuia kiharusi na moyo kusimama. Ninunue?*

Usinunue, ndugu yangu.

Kile kilango nilichomweleza binti wa Ujiji, madaktari wamekitafutia dawa kwa miaka mingi. Mwaka 1986 kule Marekani walibana mshipa wa moyo wa mbwa dakika tano, wakaachia, mara nne, kabla ya kuubana dakika 40, na sehemu iliyokufa ikapungua hadi robo. Maana yake moyo unaweza kuandaliwa. Ikajulikana baadaye kwamba saiklosporini, dawa wanayopewa waliopandikizwa figo, hukizuia kile kilango kisifunguke. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa waliwapa wagonjwa wachache, jumla yao wote 58 pamoja na wale wasiopewa dawa, na majibu yalitia moyo. Nakumbuka niliwasomea wanafunzi habari ile kwa furaha. Mwaka 2015 yakaja majibu ya wagonjwa 970: waliopewa na wasiopewa hawakutofautiana. Niliumia. Hawa ni watu wenye maabara, wanaopima damu ya mgonjwa na kovu la moyo wake, wanaojua kilango kilipo. Mwenye kopo sokoni hajampima hata mtu mmoja.

Presha yako ndiyo ya kuishughulikia, kwa vidonge vyako vya kila siku na chumvi kidogo. Mdomo ukipinda ghafla, mkono mmoja ukilegea au maneno yakikataa kutoka, usisubiri kuche na usipitie kwa mtu wa kukusomea kwanza. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba ubongo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kabla ya kuitoa lazima kichwa kipigwe picha. Kila aliye nyumbani kwako alijue hilo, na ajue nani ana gari au bajaji ya kuamshwa usiku.

Na kama unataka kuziongeza mitokondria zako, njia ipo. Mwaka 1967 John Holloszy wa Marekani aliwakimbiza panya kwenye mkanda unaozunguka kwa wiki kadhaa, kisha akapima misuli ya miguu yao: uwezo wa mitokondria kutumia oksijeni ulikuwa umeongezeka karibu mara mbili. Hawakulishwa unga wowote. Tembea kutoka hapo Mwanga mpaka stesheni ya reli na kurudi, asubuhi kabla jua halijawa kali, polepole wiki ya kwanza. Ile 45,000 ipeleke ukapimwe presha na sukari, na itakayobaki nunua viatu.